Alama kwenye Bomba la Dawa

Evarista alikuwa akichambua mlenda, lakini macho yake yalikuwa kwenye bomba la kunyunyizia dawa lililoegemezwa mlangoni. Mazengo, mumewe, alikuwa amelichoma mpini kwa msumari wa moto: mikato miwili, kama ile iliyo kwenye masikio ya ng'ombe wao. Kila kitu cha nyumba ile kilitiwa alama hiyo.

"Kesho kule kazini wanahesabu vifaa vya shamba," Evarista alisema. "Wakilikosa, wakalikuta hapa, nitaitwa mwizi. Nitafukuzwa kazi."

"Mwizi wa nini? Si ulilinunua kwa fedha yako, dukani kwa Akbarali?"

"Tajiri wangu, mwenye shamba, alinirudishia fedha hiyo."

"Basi alikuongeza mshahara. Na watu wa kodi watataka chao!"

Mazengo alicheka peke yake. Evarista akaweka mlenda chini.

Akaenda kwa jirani yao Tereza, karani wa mishahara aliyestaafu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kaa kwanza." Tereza alimpa uji, akangoja mpaka alipomaliza. Evarista akamweleza habari ya bomba, ndipo Tereza akauliza, "Bomba ulilinunua la kazi gani?"

"La kunyunyizia mizabibu ya tajiri. La zamani lilipasuka, akaniambia nitangulize fedha yangu."

"Risiti ulimpa?"

"Nilimpa. Akanirudishia kiasi kile kile. Ila bomba nimekuwa nikirudi nalo nyumbani."

"Basi fedha ile si mshahara, mwanangu. Umerudishiwa chako, hukupata faida. Haikatwi kodi. Angekupa fedha tu, bila risiti wala maelezo, ingeweza kuhesabiwa kuwa mapato yako. Lakini bomba ni la tajiri. Ndiye aliyelilipia."

"Na alama yetu?"

"Alama haibadilishi mwenye mali. Lirudishe leo, kabla hujaulizwa. Nitakusindikiza."

Walitembea na bomba hadi shambani Makutupora. Msimamizi, Ulimboka, alitazama ile mikato miwili, akakunja uso. Evarista akaeleza yote. Ulimboka akafungua faili, akaitoa risiti.

"Bomba la shamba, ndilo hili," alisema. Kisha akatabasamu. "Ng'ombe wetu alilala zizi la watu. Kumbe karudi mwenyewe!"

Akaandika namba ya shamba kwa rangi juu ya alama. Evarista akabaki na kazi yake. Mwisho wa mwezi, kodi kwenye karatasi ya mshahara ilikuwa ile ile ya siku zote.

Msimu uliofuata alileta nyumbani mkasi mpya wa kupogolea. Mazengo akatia msumari motoni, kisha akasita.

"Huu kaulipia nani?"

"Mimi. Na sirudishiwi na mtu."

"Una hakika?"

"Choma, baba Yasinta."

Akachoma.