Salamu Uani kwa Lukresia

Jua lilikuwa linazama nyuma ya kinu cha pamba Kornelia alipofungua geti la Lukresia, jirani yake wa pale Bariadi, aliyekwenda msibani Maswa. Kazi yenyewe ilikuwa ndogo: kumwagilia maua. Akili yake yote ilikuwa nyumbani kwa baba yake, mzee Maduhu, aliyeugua kifua mwezi mzima na leo ndiyo kwanza ameomba uji mwenyewe. Kornelia hakuwa na mtu mwingine duniani. Alitaka amalize upesi, arudi akamkorogee.

Maua hayo yalikuwa vituko. Hayakutaka mbolea, yalikula wadudu. Lukresia aliyapanda uani, kwenye ndoo za rangi na mabeseni yaliyotoboka, na kila mmea ulisimamisha vikombe virefu vyenye vifuniko: vyekundu, vya zambarau, vingine vya njano vyenye mishipa kama ya mkono wa mzee. Nzi akitua mdomoni, anateleza. Basi, hatoki.

"Uyape maji ya mvua tu, ya kwenye pipa," Lukresia alikuwa amemwambia. "Ya kisima yana chumvi, yatayaua. Na ukiwa pale, usisalimiane na mtu."

Kornelia alicheka. Nani asalimie maua?

Akaanza kumwagilia. Harufu ikampanda puani... asali, na chini ya asali, nyama iliyolala. Nzi waliokuwa wakivuma wakanyamaza wote kwa pamoja.

"Mwadila."

Sauti ya bibi. Ya upole, iliyochoka. Ilitoka kwenye ndoo za nyuma, palipokwishaingia giza.

Sasa, Msukuma aliyelelewa vizuri hasalimiwi na mkubwa akanyamaza. Heri umkanyage mguu. Kabla hajafikiri, magoti ya Kornelia yalishakunjika.

"Mwadila," akaitikia.

"Ng'wa nani?"

Wa nani wewe? Ndivyo wakubwa wanavyouliza, na mtoto humtaja baba yake. Ulimi ukamponyoka.

"Ng'wa Maduhu."

Kisha... tlup. Kitu kiliangukia majini, kana kwamba jina alilotaja limeteleza kama nzi. Kikombe kimoja chekundu kikatikisika, kifuniko chake kikainama taratibu. Hapakuwa na mtu. Ukuta tu.

Kornelia alitupa kopo akatimua mbio, akimwomba Mungu amkute baba yake hai.

Alimkuta hai. Mzee alikuwa amekaa kibarazani na jirani yao, mama Mboje, hakohoi, macho maangavu. Kornelia akaanguka miguuni pake akilia kwa furaha.

"Baba! U mzima?"

Mzee Maduhu akavuta miguu yake nyuma, kwa adabu.

"Mimi mzima, mama. Sijui wewe una shida gani."

"Baba... ni mimi. Kornelia."

Mzee akamgeukia mama Mboje. Mama Mboje, aliyembeba Kornelia mgongoni akiwa mchanga, akatikisa kichwa.

"Huyu mzee hakujaliwa mtoto," akanong'ona kwa huruma. "Labda umekosea nyumba."

Kornelia akageuka kulitazama geti la Lukresia. Miaka yote aliyoishi Lukresia pale, hakuna ndugu aliyewahi kubisha mlangoni kwake. Hata huo msiba wa Maswa, hakusema ni wa nani.

Kornelia alilia hadi sauti ikakauka. Mzee akamwonea huruma, akamsogezea kigoda cha wageni.

"Kaa upumzike, binti," akasema. "Giza linaingia. Kwenu ni wapi, tukusindikize?"