Utepe Mwekundu wa Sundus

Asubuhi ile mlango wa mahakama ya mji wa Sfax ulifurika watu. Sundus, fundi wa kushona majoho ya mawakili, alikuwa akipenya katikati yao na joho la mteja mkononi, kitambaa chake cha rangi ya zabibu kikimteleza kichwani. Kijana mmoja mrefu alikuja mbio, joho lake likanasa kwenye komeo, likachanika kwapani.

"Pole, wakili. Nguo imekukataa."

"Dada, kesi yangu inaitwa sasa hivi. Na mtu mwenyewe sijawahi hata kumwona."

"Hujamwona, na unakwenda kumtetea?"

"Ndivyo tulivyo sisi wa kuwatetea wasio na uwezo. Faili unapewa asubuhi, saa hiyohiyo unasimama."

"Basi simama kwanza hapa. Usitikisike, sindano haina macho."

Shati lake lilinukia maji ya maua ya mchungwa, na Sundus alishona taratibu kuliko ilivyohitajika. Jina lake Nizar. Tangu siku hiyo joho lile likawa halikai wiki bila kuchanika, na mshono wa Sundus haujawahi kuwa na kasoro. Wenye akili walielewa.

Jioni moja simu ya Sundus ililia.

"Leo limechanika wapi?"

"Leo ni zima. Mwenye joho ndiye hajiwezi."

"Kamwone daktari."

"Nimetoka huko. Ameniandikia fundi."

Kisha mawakili wakagoma. Hawataingia mahakamani kuwatetea maskini mpaka serikali itenge fungu la kutosha, na wakili apewe muda wa kuijua kesi kabla ya kusimama. Sundus ndiye aliyewashonea tepe nyekundu za kufunga mkononi, alama ya mgomo, akicheka na kuimba. Kumbe alikuwa akimshonea ndugu yake kufuli. Mwezi huohuo Hamdi, mdogo wake, dereva wa lori, alikamatwa kwa mzigo aliokodiwa kuubeba, ambao ulikuwa wa wizi. Kesi nzito kama ile haisikilizwi bila wakili, na wakili hakuna. Ikaahirishwa, ikaahirishwa tena, na Hamdi yumo ndani.

"Ingia mara moja tu, Nizar. Kwa ajili yangu."

"Na wenzake waliomo ndani niwaambie nini? Kwamba wao hawana dada mzuri?"

"Usinifanyie mzaha."

"Sifanyi. Nikiingia leo nitamtetea kama nilivyomtetea yule wa siku ya joho. Alifungwa miaka minne, Sundus, na mpaka leo sijui kama alistahili."

"Basi usinipigie simu, wala usinitaje jina, mpaka Hamdi avuke kizingiti cha nyumba hii."

Wanaume wengine wangebishana. Nizar alitii, na hilo ndilo lililomuumiza Sundus zaidi.

Kiangazi kilikuwa kirefu. Simu ilikaa kando ya cherehani, kimya. Kila joho lililoletwa alilinusa kwenye kola, kisha akaona haya. Siku moja walikutana sokoni penye samaki. Nizar aliweka mkono kifuani, akapita. Sundus alimtamani mpaka akasahau alichofuata sokoni.

Siku ya kupeleka kapu la chakula gerezani, Hamdi alimwambia kupitia kioo, "Dada, punguza hiyo pilipili ya harisa. Jumatatu nilimtokea wakili wako machozi yananitiririka, akadhani nimekata tamaa."

"Wakili gani?"

"Nizar. Hakosi Jumatatu. Ameniuliza mpaka nani alinipa funguo za lori. Anasema mgomo ni wa mahakamani, si wa gerezani."

"Mbona hukuniambia?"

"Alisema mna sharti lenu. Mimi nimeshafungiwa, sitaki kosa la pili."

Sundus alipiga simu kabla hajafika kituo cha basi. Ikakatwa. Ukaja ujumbe: "Hamdi bado." Alicheka, akalia, watu wakimtazama.

Majani yalipoanza kupukutika serikali ilikubali kutenga fungu, na tepe zikafunguliwa. Kesi ya Hamdi ilipoitwa, Nizar alisimama bila kupekua karatasi. Alimleta mtu aliyemwona tajiri wa mzigo akimkabidhi Hamdi funguo, ushahidi kwamba yeye alikodiwa tu. Sundus, benchi la nyuma, aliutazama mshono wa kwapani kwa sababu uso hakuthubutu. Ulikuwa umeshika. Majaji wakamwachia huru ndugu yake.

Jioni Hamdi alivuka kizingiti na kapu tupu. Dada yake hajamaliza kumkumbatia, simu ikalia.

"Sundus."

Alikuwa na kiu ya kuitwa hivyo na sauti ile. "Umejuaje kama amefika?"

"Mimi ndiye niliyemleta. Niko chini."

"Joho limechanika?"

"Joho nimeliacha nyumbani. Nimekuja na mama yangu. Anauliza kama leo mnapokea wageni."

Sundus alichungulia dirishani. Bibi mmoja aliyejitanda shuka jeupe la safsari alikuwa akishuka garini na sinia la haluwa.

"Mwambie mama apande. Wewe subiri hapo."

"Nisubiri tena? Mpaka lini?"

"Mpaka nifunge kitambaa."