Namba Iliyomtisha Mama Joakim

"Mchawi simtaki katika mji huu."

Mama Klementina, mama yake Joakim, alisema hivyo huku akipeta mchele, sauti ya chini kama anayezungumzia mvua.

Lukresia, mwalimu wa hesabu pale Bariadi, alimgeukia mchumba wake. Joakim akainamisha kichwa.

"Mchawi kwa lipi, mayu?" Lukresia akauliza, akimwita mama kwa Kisukuma.

"Wanafunzi wako wanasema una namba haifi. Ukiizidisha inajigeuza tu, inarudi ileile. Namba gani hiyo kama si ya waganga?"

Kicheko kilimjia Lukresia, akakimeza. Usukumani neno lile lilishawatoa watu roho.

"Joakim, huna la kusema?"

"Tumwache mama apoe kwanza."

Lukresia akachukua kanga yake, akaondoka peke yake.

Ilikuwa miaka ile ya soko huria, wanunuzi binafsi wa pamba wamejaa kila senta. Joakim alikuwa karani wa mmoja wao. Alipopelekwa Mwandoya kupokea pamba, alimpigia Lukresia simu shuleni.

"Lukresia, bado umekasirika?"

"Mama yako ameogopa, namwelewa. Wewe namba ile nilikufundisha mwenyewe, ukaijua. Ukanyamaza."

"Ni mama yangu, Lukresia."

"Siku watu wakija na mapanga mlangoni kwangu, utangoja nao wapoe?"

Joakim akaanza kujitetea, Lukresia akamkatiza.

"Usije kwangu kabla hujasema mbele yao."

Akakata simu. Siku hiyo alifundisha macho yakiwa mekundu.

Jumapili Joakim alirudi Bariadi, na baada ya ibada akamwita Lukresia nyumbani kwao. Mama yake alikuwepo, na mjomba wake, mzee Masele. Joakim akashika mkaa, akaandika ukutani: 142857.

"Mayu, namba ni hii. Naijua, ila niliogopa kusema. Mara mbili ni 285714. Mara tatu, 428571. Tarakimu zilezile, zinafuatana vilevile, zinaanzia pengine tu."

"Si ndiyo hiyo!" Mama akarudi nyuma.

"Hadi mara sita ni hivyo. Sasa mara saba."

Akaandika 999999.

"Imekufa!" Mzee Masele akapiga makofi.

"Inatoka wapi basi?" mama akauliza.

Lukresia akasogea. "Ukigawa moja kwa saba, mayu, zinatoka tarakimu hizihizi. Kila hatua kuna baki, na mabaki ni sita tu, moja hadi sita. Yakishapita yote, la kwanza halina budi kurudi, na tarakimu zinaanza upya. Ukizidisha, unaanzia tu kwenye baki jingine. Si dawa, ni kugawa."

Mama akafikiri. "Kama zamu ya kuchunga. Nyumba zikiisha, anarudi wa kwanza."

"Ndivyo hasa, mayu."

"Nimekuelewa, mwanangu. Lakini watu wameshasikia."

"Walisikia kwako," Joakim akasema, "basi wasikie tena kwako. Na atakayemwita mke wangu mchawi, aanze na mimi."

Mama akajifunga kanga, akatoka kwenda kwa majirani, nyumba kwa nyumba, akisema kwa kinywa kilekile: "Nilimsingizia mtoto wa watu."

Joakim akamsindikiza Lukresia hadi njia panda.

"Umenisamehe?"

"Nimekusamehe. Ila usinisubirishe tena."

"Sitakusubirisha."

Pamba ilipokwisha kuuzwa walifunga ndoa. Mlangoni mwa kanisa mama Klementina alimshika bibi harusi mkono, akapiga kigelegele yeye wa kwanza, na hakumwachia mpaka nyumbani.