Kataa ka Kijani Mapokezini

Loice wa mapokezi, mkewe Jacktone fundi stima, alikuwa na mimba ya miezi saba, na mtoto mwenyewe hatulii. Loice akiweka sahani juu ya tumbo, sahani yaruka. Hoteli nzima pale Diani, wapishi na wafuaji, wakicheka mpaka machozi. Siku sahani ilipoacha kuruka, hakucheka mtu.

Mwaka wa elfu mbili na sita huo. Mgeni wa chumba cha kumi na mbili aliondoka akasahau kidude cheusi, kadiri ya kiberiti, cha kusikilizia muziki masikioni. Meneja Seth akamwambia Loice akitie chaji, huenda jina la mwenyewe likatokea. Kidude hakiingii ukutani. Waya wake waingia nyuma ya kompyuta, huko ndiko kinakovuta stima. Loice akachomeka. Kataa kadogo ka kijani, taa isiyozidi punje ya mtama, kakawaka.

Adhuhuri, jua la utosi, mapokezi hapana mtu ila yeye, sauti ikatoka kwenye zile nyaya za masikioni.

"Hodi."

Loice hata macho hakuinua. Kutwa kazi yake ni kukaribisha watu.

"Karibu," akasema.

Harufu ya udi ikajaa. Stima zikapotea, feni zikasimama, kompyuta ikazima, lakini kale kataa kakazidi kung'aa, na Loice akasikia tumbo lapoa, kwanza kitovuni, kisha mbavuni, na mtoto aliyekuwa akicheza tangu alfajiri akajikunja, akawa mzito kama jiwe la kusagia, na kila Loice alipovuta pumzi kataa nako kakavuta, kakang'aa, kakavuta, kakang'aa.

Akachomoa waya. Kakaendelea kuwaka.

Chiku wa kufua akasikia yowe la Loice, akakimbia nyuma ya hoteli kumwita Bi Mbeyu, mganga. Bi Mbeyu akafika, akanusa, akauliza chini chini:

"Mwanangu, pepo alipobisha hodi, ulimjibu nini?"

"Nilimwambia karibu, mama."

"Basi ni mgeni wako. Umemkaribisha mwenyewe, hafukuziki. Atasindikizwa. Kompyuta ilipozima, akaanza kula kwa mtoto. Tumpeleke getini. Akiaga, nyamaza. Usimwambie yale mnayowaambia wazungu."

"Yapi?"

"Yale ya kurudi."

Wakakitia kidude kikapuni, wakakifunika kwa kaniki, wakatembea watatu hao, Loice ameshika tumbo kwa mikono miwili. Wakatoka getini. Kikapuni sauti ikasema taratibu:

"Kwaheri, mama."

Loice akauma ulimi mpaka damu. Kataa kakazima. Tumboni, teke. Kisha la pili. Chozi likamtoka, Chiku akaanza kucheka kwa kwikwi.

Katana, askari wa geti, hakuna aliyekumbuka kumwonya. Miaka sita yu hapo akiwaaga watalii. Akasikia kwaheri, akapiga saluti, hata hakutazama ni nani.

"Kwaheri," akasema. "Karibu tena."

Mwanga wa kijani ukapenya kaniki.

"Mtoto apiga teke?" Chiku akanong'ona.

Loice alikuwa akigonga tumbo kwa kidole, polepole, kama mtu abishaye hodi kwenye nyumba ambayo wenyewe wamehama.