Kitanda cha Mwenyeji

Jioni mtu wa nyasi aliyeketi juu ya paa jipya la Ragna alikuwa akitazama barabarani. Asubuhi iliyofuata alikuwa amegeuka, anatazama bomba la moshi.

"Ni upepo," alisema Tarjei, mume wa Ragna. Alikuwa amesimama na kikombe cha kahawa mlangoni pa kibanda cha kuokea mikate, walimojibana wote tangu nyumba ya zamani ibomolewe.

"Upepo gani, Baba Signe? Tazama moshi wetu ulivyosimama wima."

Tarjei hakutazama. Mtu mwema sana yule, ila akishikwa na woga huchungulia kikombe chake kana kwamba amedondosha kitu humo.

Sisi wa bonde hili tuna desturi, na anayeipuuza huaibika. Kenchi za paa zikishasimama, mwenye nyumba huwaandalia mafundi karamu: uji mzito wa malai, nyama ya kondoo iliyokaushwa, na pombe kali ya viazi ya kumtosha fundi mpaka aimbe. Akibana mkono, mafundi humtengeneza mtu wa nyasi, wakamvika nguo kuukuu na kumkalisha juu ya paa, ili kila apitaye njiani ajue hapo anakaa mchoyo. Na hashushwi mpaka karamu iliwe.

Ragna hakuwa mchoyo hata kidogo. Alikuwa na haraka. Theluji ilishashuka hadi nusu ya mlima, na binti yake Signe, ambaye mumewe alikuwa mbali kusini akivua nyangumi, alikuwa amerudi kwao na mimba ya kujifungua wakati wowote.

"Karamu mtakula madirisha yakishafungwa," alimwambia Halvard, fundi mkuu. "Mjukuu wangu kwanza apate ukuta."

Lakini nyuma ya haraka hiyo kulikuwa na jambo la zamani, na lazima niliseme, maana bila hilo hamtamwelewa mwanamke huyu.

Katika nyumba ya zamani, chumba chenye jiko kubwa hakikuwa cha mtu aliye hai. Kilikuwa cha Mwenyeji. Wanasema ndiye aliyefyeka msitu pale kwa mara ya kwanza, akafa, akakataa kuondoka. Wapo wanaomwita mzimu, wapo wanaomwita jini. Gunnvor, mama yake Tarjei, alimwita "Yeye" tu, tena kwa sauti ya chini. Kila jioni kitanda chake kilitandikwa na jiko lake likawashwa. Kila vuli godoro lake lilijazwa majani makavu mapya, na koti lake likatundikwa kwenye nguzo ya kitanda. Hakuna mtu aliyethubutu kulala humo.

Ragna aliolewa akaikuta hali hiyo. Akapewa chumba cha darini, kisicho na jiko, na humo darini mwanawe Vetle, mtoto wa miezi mitano, akaugua kifua katikati ya majira ya baridi. Ragna aliomba amshushe mtoto kwenye joto. Akaambiwa haiwezekani, Yeye atakasirika. Vetle akafa juu huku chini jiko linawaka kwa ajili ya kitanda kitupu.

Tangu hapo Ragna hakubishana tena na mtu kuhusu kitanda kile. Alisubiri. Siku walipoanza kuibomoa nyumba, alikiburuta nje kwa mikono yake, godoro na koti vikiwa juu yake, akakitupa kwenye lundo la mbao mbovu za kuchomwa, akasema watu wote wakisikia, "Nyumba yangu haitakuwa na chumba chake!" Gunnvor akajifunika uso kwa aproni. Kisha mvua ikanyesha, lundo likalowa, na halikuchomwa.

Basi asubuhi ile ya mtu wa nyasi kugeuka, Ragna alimfuata fundi mkuu.

"Halvard, hebu mshushe huyo mgeni wako."

"Mgeni wangu? Wa kwako, Bi Ragna! Atashuka mwenyewe akinusa uji!" Mafundi wakaangua kicheko.

"Na nani kati yenu aliyepanda kumgeuza?"

Kicheko kikapungua. Wakatazamana. Halvard akajikuna shingo. "Sisi tulidhani ni Tarjei anatutania."

"Tarjei huyuhuyu? Akipanda kiti tu anaona kizunguzungu. Nyasi zenyewe mlizitoa wapi?"

"Pale kwenye lundo lako. Kulikuwa na godoro, tukalichana. Majani ya ndani yalikuwa bado makavu. Na koti nalo tukaliona, tukamvika, kichwa tukakifanya cha gunia. Kwani si vitu vya kutupwa?"

Nyuma yao ndoo ikaanguka. Gunnvor alikuwa amesimama, maziwa yanamtiririkia viatuni.

"Mmempa mwili," alinong'ona. "Mola wangu! Miaka yote alikuwa kivuli tu. Nyinyi mmempa mikono."

Siku iliyofuata mtu wa nyasi alikuwa amesogea hadi kwenye bomba la moshi, amelikumbatia. Halvard, kwa kuona aibu, akasema atamtoa. Akapanda vipago vichache vya ngazi, akasimama, akashuka, akasema ngazi inateleza. Ngazi ilikuwa kavu kabisa.

"Mwombe radhi, Ragna," Gunnvor alimsihi. "Mtengee hata pembe tu. Mtandikie."

"Nilishamtandikia miaka ishirini na mitatu, mama. Sitandiki tena."

"Atatumaliza."

"Aanze na mimi."

Kazi ikaendelea, lakini mafundi sasa walifanya kazi bila kuimba. Waliweka madirisha, wakasimamisha milango, na katika chumba kizuri kuliko vyote, kile cha upande wa kusini, wakaliweka jiko jipya la chuma. Ragna akalipangia kuni, akatandika kitanda cha Signe kando yake kwa shuka alizozifuma mwenyewe. Kila walipotoka kwenda kula walisikia kitu humo ndani kikichakarika, kama ng'ombe anavyojilaza kwenye nyasi zake, na waliporudi walikuta harufu ya majani yaliyovunda na mafuta ya kondoo, na shuka zimekunjamana. Ragna akazinyoosha. Wakatoka tena, zikakunjamana tena, naye akazinyoosha tena huku akisonya. Fundi mmoja akakumbuka ghafla kwamba mbuzi wake wanaumwa. Wa pili akakumbuka kwamba yeye ndiye mganga wa wale mbuzi.

Theluji ilipoanza kuanguka kweli, paa lilikuwa tupu.

"Ameondoka!" Tarjei akasema, na ilikuwa mara ya kwanza kwa siku nyingi kumwona akicheka.

"Ameondoka kwenda wapi?" Ragna akauliza. Theluji ya paani ilikuwa laini, bila alama, na ya uani vilevile.

Hawakupata muda wa kujibizana, kwa sababu Signe alishika ukuta wa kibanda akapiga ukelele. Uchungu ulikuwa umemfika. Halvard akavaa mbao zake za kutelezea kwenye theluji, akapotea ndani ya dhoruba kumwita mkunga. Huku kwetu mwezi huo jua huchungulia tu likaenda zake, kwa hiyo alasiri ilikuwa kiza, na upepo ulikuwa umeanza kuupasua mlango wa kibanda. Wakamfunika Signe mablanketi, wakamvusha uani wakimshika huku na huku, Gunnvor mbele na taa, mpaka kwenye chumba cha kusini.

Kitandani palikuwa na mtu.

Alikuwa amelala ubavu, ameelekea ukutani, amejifunika hadi shingoni, na blanketi lilikuwa likipanda na kushuka. Kila likipanda, majani yalichakarika ndani yake. Gunnvor aliinua taa na wote wakakiona kile kichwa cha gunia, na macho ambayo mafundi waliyachora kwa mkaa yakiwa wazi kabisa, sasa yalikuwa yamefumba.

"Turudi kibandani," Tarjei alinong'ona. "Mama Signe, tafadhali. Turudi taratibu."

"Kule atakufa mtu, na si mimi ninayesema, ni huu upepo."

"Mama," Signe akalia, "siwezi kutembea tena. Siwezi!"

Ragna alimketisha bintiye juu ya sanduku, akavuka chumba, akalifunua blanketi. Baridi iliyotoka humo ilikuwa ya darini, ileile, aliijua, ilikuwa na harufu ya mbao zenye barafu na ya kifua cha mtoto anayekohoa, na alipomshika yule mtu kiunoni ili amwinue akahisi mikono miwili ya nyasi ikimzunguka mgongoni polepole kama ya mtu anayebembelezwa usingizini, ikamkaza, ikamkaza zaidi, huku lile gunia likijilaza shingoni pake, na uzito wa yule mtu, ambaye mafundi walimpandisha paani kwa mkono mmoja, ukawa wa gogo, kisha wa jiwe, kisha wa kitu kisichobebeka, na ndani ya gunia, karibu kabisa na sikio lake, ikatoka sauti kavu, ndogo, ya kuomba.

"Nasikia baridi."

Tarjei aliisikia. Gunnvor aliisikia. Ragna alisimama pale amekumbatiwa, machozi yanamtoka, na naapa kwamba kwa kitambo kidogo alimhurumia.

"Hata Vetle alisikia baridi," alisema.

Akapiga hatua. Alimburuta kama anavyoburutwa ng'ombe mkaidi, huku akimtukana matusi ambayo mchungaji wetu hayajui, na yule mtu akishika mguu wa kitanda, akishika ukingo wa dirisha, vidole vyake vya majani vikikatika na kubaki pale. Alipofika kwenye jiko hakuwa na mkono wa kufungulia mlango wake.

"Tarjei!" Tarjei alikuwa amejibanza ukutani. "Tarjei, fungua!"

Aliyefungua alikuwa Gunnvor. Bibi yule, aliyemtumikia Yeye tangu alipoletwa pale akiwa bi harusi, aliinama, akafungua mlango wa jiko, akaisogeza taa kwenye koti kuukuu na kuliacha lishike moto.

"Umekula joto la watu miaka yote," Ragna alimwambia, akimsukumiza ndani kichwa kwanza. "Leo utalitoa wewe."

Ndani ya moto macho ya mkaa yalifumbuka. Ragna akaufunga mlango kwa teke.

Kilio kilichopita kwenye bomba la moshi kilisikika hadi kwa Halvard, aliyekuwa akirudi na mkunga, na mpaka leo Halvard husema ulikuwa upepo, ila husema hivyo akichungulia kikombe chake, tabia aliyoambukizwa na Tarjei. Jiko lile liliwaka mpaka kulipokucha bila mtu kuongeza gogo hata moja. Mtoto alizaliwa kwenye joto, wa kiume, ana mapafu ya kumwamsha kila mtu bondeni. Gunnvor ndiye aliyempokea kutoka kwa mkunga. Alimtazama kwa muda mrefu, kisha akamgeukia Ragna, na mbele ya watu akamwomba radhi kwa ajili ya yule mtoto wa darini. Ragna alimwachia amshike mtoto.

Jumapili karamu iliandaliwa. Uji ulikuwa mzito kiasi cha kusimamisha kijiko, na hata yule fundi wa mbuzi alihudhuria. Halvard aliuliza, kwa utani, kama kuna sahani ya Mwenyeji. Ragna akampa sahani chafu akaoshe.

Sasa mtaniuliza kama aliondoka. Nendeni mkajionee. Kila mwaka, theluji ya kwanza ikianguka, nyayo hushuka kutoka msituni, pana, zisizo na vidole, zimeacha vipande vya majani ndani yake. Huizunguka nyumba, hufika mpaka chini ya dirisha la chumba cha kusini, na hapo theluji huwa imekanyagwa sana, kama pamesimama mtu kwa muda mrefu.

Na Ragna, ambaye sasa ni mzee na masikio yake hayasikii vizuri, hulala chumba hicho na wajukuu watatu, wamebanana. Majani yakichakarika nje, hilo hulisikia. Hachungulii. Huchukua kijiko chake cha uji, hukigonga kwenye kioo.

"Kumejaa!"

Kisha hugeuka upande wa pili akalala.