Utaratibu wa Kumi na Mbili

Karani wa masjala ya hospitali ndiye aliyeanza kuona. "Mwanangu," alimwambia fundi wa kompyuta kwa sauti ya chini, "mashine inajibu kabla sijamaliza kuuliza."

Fundi, binti aliyesifiwa wiki nzima, akacheka. Zamani kutafuta faili moja kulichukua dakika nne, foleni ikifika getini. Yeye akaandika taratibu kumi na moja, yaani amri za kompyuta, akazihifadhi ndani ya hifadhidata yenyewe, ghala la mafaili yote. Makarani wa dirishani waziite tu kwa jina, kazi yote ifanyike humo humo. Sasa faili lilifunguka kufumba na kufumbua.

"Si ndiyo raha yenyewe, mama?"

"Hebu tazama."

Karani aliondoa mikono kwenye kibodi. Faili la seremala mmoja likafunguka lenyewe. Punde seremala akaingia, kidole kinavuja damu. Chini ya faili palishaandikwa: Amefariki, saa 4:15. Kwa kidole tu! Saa nne na robo alianguka kwenye benchi, asinyanyuke tena.

Fundi alikimbilia chumba cha mitambo. Kilinuka udongo wa kaburi bichi. Akahesabu taratibu: kumi na mbili. Wa mwisho haukuwa na jina. Akaufuta, ukarudi, akaufuta tena huku kitu kikihema polepole nyuma ya makabati, kikivuta pumzi kila alipovuta yake, hata akaogopa kupumua.

Mlinzi wa getini alimleta mjomba wake, mtoa majini. Mzee alisimama kizingitini, akatega sikio, akarudi nyuma.

"Hili halikuvamia," alinong'ona. "Nyinyi ndio mmelipatia makao ndani, na ruhusa ya kutenda bila kuulizwa. Mimi namtoa mgeni. Mwenye nyumba simwezi."

Fundi aling'oa nyaya zote. Mitambo ikanyamaza. Kisha akasikia karani akilia.

Alipofika masjala, kioo cha kompyuta ya dirishani kilikuwa bado kinawaka. Faili la mama yake fundi. Amefariki, saa 5:40.

Saa ya ukutani ilionyesha 5:31. Akapiga simu. "Mama, usitoke nyumbani!"

"Mbona nishafika getini kwenu? Umesahau miwani yako."

Daktari alimpima mama haraka. "Buheri wa afya," akasema, akaenda zake.

Binti alimkalisha, akamkumbatia kwa nguvu zote.

"We mtoto, utanivunja mbavu," mama alicheka. "Kuna nini?"

Ilikuwa 5:39.