Uzi wa Bluu Kwenye Pete ya Eugene

— Eugene, huu uzi si wangu.

Alikuwa anakunywa maziwa ya chokoleti. Mrija ukabaki mdomoni.

— Uzi gani?

— Huu, kwenye pete! Mimi niliizungushia wa pinki. Kila Jumamosi unaichukua, eti ikasafishwe. Leo imerudi na uzi wa bluu.

Hapa Milwaukee kila msichana mwenye mpenzi huvaa pete ya shule ya mvulana wake, na kwa kuwa inampwaya, huizungushia uzi wake wa sufu ili isidondoke. Miezi mitano nilivaa ya Eugene Wozniak. Miezi mitano sikucheza dansi na mvulana mwingine, maana bwana mkubwa hakutaka!

— Sonara kabadilisha.

— Sonara anafuma?

— Basi ni mama kabadilisha. Lorraine, unapenda kesi wewe!

Nilifika nyumbani nikanyanyua simu kabla hata sijavua koti.

— Mama Wozniak, shikamoo. Eugene anasema uzi wa bluu kwenye pete yake umeuweka wewe.

— Mimi? Huo kauweka Marlene, mpenzi wake. Kila Jumapili tunakula naye hapa. Wewe nani, mwanangu?

— Lorraine Jasinski.

— Ahaa! Yule anayemsaidia hesabu!

Hesabu! Damu ilinipanda kichwani. Ni kweli nilimfanyia kazi zake zote za hesabu muhula mzima, kwa mapenzi, mjinga mimi.

— Mama, mpenzi wake ni mimi. Pete ninayo kidoleni sasa hivi.

Nikasikia anavuta kiti, akakaa.

— Njoo Jumapili, saa saba mchana. Usimwambie.

Jumamosi Eugene alipoitaka pete nilimwambia siioni. Jumapili yeye mwenyewe ndiye aliyenifungulia. Aliponiona akataka kuufunga mlango. Nikampita.

Marlene alikuwa mezani, anagawa soseji kama mwenye nyumba. Nikaiweka pete mbele yake.

— Dada, hii tunavaa kwa zamu. Wewe wikendi, mimi siku za shule. Safari hii kasahau kubadilisha uzi.

Marlene aliigeuzageuza. Uso ukamwiva.

— Eugene! Si uliniambia shuleni wanazikusanya kila Jumatatu?

— Jamani, nyote nawapenda. Tatizo liko wapi?

Mama yake akatua bakuli la viazi kwa kishindo.

— Eugene, inuka. Mpishe Lorraine akae.

— Na mimi nikae wapi?

— Kwani nani kasema utakaa? Lete mkate.